Kanta, gundi na dawa: mwongozo kamili wa aleji ya vipodozi vya nywele

Mteja wangu mmoja, Hajati wa Bombo, alipaka kanta, ile rangi nyeusi ya nywele, kwangu Ijumaa jioni. Jumapili mpwa wake alikuwa anaolewa. Jumapili hiyo hiyo alfajiri akanipigia simu: "Mwanangu, macho hayafunguki." Alifika saluni amejitanda leso mpaka puani. Nikamfunua taratibu. Kope zilikuwa zimejaa maji, macho yamebaki mistari miwili. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji ya rangi ya asali, yamegandia kwenye pindo la leso. Kichwani penyewe, pale nilipopaka, palikuwa na vipele vichache tu.

"Lakini kanta ni ile ile," akasema. "Miaka kumi na moja naipaka."

Miaka sita kati ya hiyo nilimpaka mimi. Nilipomuuliza vizuri akakumbuka kwamba safari iliyopita, miezi miwili nyuma, masikio yalimwasha siku mbili tatu, akapaka vaselini, yakatulia. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Harusi ilipita bila yeye, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya swali lile nililoliacha.

Nauandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya saluni yetu hapa Kampala. Wasusi wawili wametoka Goma, mmoja Arua, wateja wanatoka Kisenyi, Bombo na hata Busia, na kwenye Kiswahili ndipo sote tunapokutana.

Mwili unajifunza, kisha unakumbuka

Elewa hili kwanza, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Aleji si sumu inayomdhuru kila mtu sawasawa, wala si dalili kwamba kanta ni feki. Ni kinga ya mwili iliyojifunza kukikataa kitu fulani.

Kanta nyeusi, ya unga au ya maji, mara nyingi ina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Ni kitu kidogo mno. Udogo huo ndio unaoipa kazi: inapenya ndani ya unywele, ikichanganyika na dawa ya kuamsha rangi inaungana na kuwa kitu kikubwa, nacho hakitoki tena kwa maji. Lakini kinachopenya unywele kinapenya na ngozi. Kikishaingia kinajishika kwenye protini za mwili. Chembe za kinga zinaokota mchanganyiko huo, zinaupeleka kwenye tezi, na huko zinafundisha chembe nyingine kuutambua kama adui. Mafunzo hayo huchukua kama siku 10 hadi 14, na hutahisi chochote. Yanaweza kutokea baada ya kupaka mara ya kwanza, au baada ya mara ya hamsini.

Mafunzo yakishakamilika, kumbukumbu hukaa miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Ukipaka tena, chembe zile zinakimbilia ngozini, na ndani ya siku moja hadi tatu mwasho na uvimbe vinatokea. Kwa hiyo mteja akikuambia "nimeizoea hii", usimhesabu kuwa salama. Miaka mingi ya kupaka ni miaka mingi ya kuupa mwili nafasi ya kujifunza.

Hatua ya kwanza: uliza ilianza lini

Saluni nzima huita kila kitu aleji: mwasho wa rasta, kuungua kwa dawa, mba, hata punye za mtoto. Saa ndiyo itakayokutenganishia.

Kama ngozi ilianza kuchoma dawa ikiwa bado kichwani, na maumivu ni ya moto kuliko mwasho, hiyo ni kuungua. Dawa za kulainisha nywele zina magadi makali. Kipimo chao cha ukali (pH) hufika 12 mpaka 14, na yeyote atakayekaa nazo muda mrefu ataungua, awe na aleji au asiwe nayo. Kidonda huwa pale pale dawa ilipogusa.

Kama ndani ya dakika chache hadi saa moja kumetokea mabaka yaliyoinuka kama ya kuumwa na siafu, midomo ikavimba, mtu akapiga chafya mfululizo au kifua kikabana, hiyo ni aleji ya papo hapo. Kwenye saluni aleji hii hutokana hasa na gundi ya kubandikia nywele, ile nyeusi yenye mpira asilia ndani yake, au na unga wa blichi wenye chumvi za pasulfeti. Hii ndiyo inayoweza kuua kwa haraka.

Na kama mtu alilala vizuri, kesho yake au keshokutwa ndipo masikio, kope, paji la uso na shingo vikaanza kuwasha na kuvimba, hiyo ni aleji ya kuchelewa, ile ya Hajati. Usidanganyike na kichwa kuonekana kizima. Ngozi ya kichwa ni nene, kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na rangi huteremka na maji wakati wa kuosha. Kuna wanaotibiwa macho wiki nzima na hakuna aliyewauliza kuhusu nywele.

Jambo jingine linalopotea kwetu: vitabu vingi husema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu ni mgumu kuuona. Utaona weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na ngozi inayong'aa kwa kuvutika. Pitisha kidole: pana joto na pamekwaruza.

Hatua ya pili: maswali kabla ya kufungua paketi

Ninayo manne, na nayauliza hata kwa mteja wa miaka yote. Umewahi kuwashwa, hata kidogo tu, baada ya kanta? Umewahi kuchorwa piko? Puto, glavu za mpira au kondomu zimewahi kukuwasha? Una pumu?

Swali la piko huwashangaza watu. Hina halisi ya majani haina tatizo hili, ni mara chache sana kumdhuru mtu. Piko, ile nyeusi ya bibi harusi, mara nyingi ni kanta ya unga iliyokorogwa nzito na kuchorwa moja kwa moja kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 kwenye mchanganyiko unaopakwa kichwani, na hauruhusu kabisa kuchorea ngozi. Wino wa piko uliopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na zaidi ya asilimia 10. Binti anachorwa akiwa na miaka 9 kwenye harusi ya shangazi yake, mwili unajifunza, na akiwa na miaka 30 anapaka kanta kwa mara ya kwanza na uso unavimba. Kwa hiyo aliyewahi kutoka malengelenge kwa kufuata mistari ya piko, mimi simpaki kanta. Hana haja ya kujaribu.

Kutambua hina halisi si kazi. Unga wake ni wa kijani, unanukia majani makavu, na ukiuondoa rangi ni ya chungwa kwanza, kisha inakolea siku moja au mbili. Kinachokuwa cheusi tii ndani ya saa moja si hina, hata mchoraji akiapa.

Swali la mpira nalo lina mkia. Baadhi ya wenye aleji ya mpira huwashwa mdomo wakila ndizi mbivu, ovakado au papai. Kwa nchi inayokula ndizi kama yetu, hiyo ni dalili rahisi kuigundua ukiuliza. Mtu wa namna hiyo asibandikwe nywele kwa gundi. Zishonwe kwa uzi.

Hatua ya tatu: jaribio la saa 48

Hili ndilo saluni nyingi hulikwepa, kwa kuwa mteja amekuja leo na anataka kuondoka mweusi leo. Mimi nawaambia waje siku mbili kabla, jaribio ni bure, halichukui dakika tano.

Soma kwanza karatasi iliyo ndani ya boksi, kwa sababu watengenezaji hutofautiana: wengine wanataka ujaribu rangi peke yake, wengine mchanganyiko. Safisha sehemu ndogo nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, pakaushe. Kwa kijiti cha pamba, paka tone dogo lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Liache likauke, usifunike kama karatasi haijakuagiza kufunika. Mahali hapo pasiguswe na maji wala mafuta kwa saa 48. Ukihisi mwasho, ukaona vipele au uvimbe wakati wowote, osha mara moja, na hiyo kanta usiipake. Pakiwa kimya, endelea, ila angalia tena kabla ya kuanza kupaka.

Saa 48, si nusu saa. Nimeona wasusi wakipaka nyuma ya sikio, wakasuka mtu mwingine, wakarudi kusema "hakuna kitu". Chembe za kumbukumbu zinahitaji siku nzima au zaidi kufika ngozini. Ukiangalia mapema unaangalia kabla hazijafika.

Fanya hivyo kila safari, hata boksi likiwa lile lile. Na jaribio hili halitoi hakikisho la asilimia 100, linapunguza hatari tu. Aliyekwisha kuvimba asijaribiwe saluni hata kwa tone, maana tone moja linatosha kumvimbisha upya.

Hatua ya nne: soma paketi

Tafuta orodha ya viungo. PPD huandikwa p-phenylenediamine, au 1,4-diaminobenzene, au kwa namba CI 76060. Ndugu yake wa karibu huandikwa toluene-2,5-diamine, na wengi wanaokataliwa na PPD hukataliwa na huyu pia, hata kama mbele ya boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba haina PPD. Kwenye shampuu na krimu, angalia methylisothiazolinone. Ni kihifadhi kilicholeta aleji nyingi hata Ulaya ikakiondoa mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Kwenye dawa za kunyoosha kwa pasi ya moto, hofia formaldehyde, ambayo ikipashwa moto hutoa mvuke unaochoma macho na koo la mteja na la msusi.

Vipaketi vya unga vinavyouzwa kimoja kimoja bila boksi, kwenye masoko ya Kikuubo au Owino, mara nyingi havina orodha yoyote. Mimi siviingizi saluni. Alama ya Q ya shirika letu la viwango ni jambo jema, itafute, lakini ujue maana yake: bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Haimaanishi kwamba mwili wako utaikubali.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Kabla ya kukoroga chochote, hakikisha maji yapo. Maji yakikatika na huna jerikani mbili zimejaa, usianze. Kichwa kisikwaruzwe kwa kitana wala kucha siku hiyo, na chenye vidonda kiache kipone. Dawa ya kulainisha na kanta visiwekwe siku moja. Mimi naacha angalau wiki mbili, kwa sababu ngozi iliyoungua ni mlango wazi. Paka vaselini kwenye kingo za nywele na juu ya masikio. Vaa glavu. Shika saa, na muda ulioandikwa ukifika, osha mpaka maji yatoke meupe kabisa, mteja akiinamia nyuma ili maji yasipite usoni.

Rasta za bandia ni suala dogo zaidi. Zikimwasha mtu, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, suuza, kausha, kisha suka. Wengi hupata nafuu. Akiendelea kuwashwa na kutoka vipele, zifumuliwe, asivumilie eti kwa sababu amelipa.

Hatua ya sita: ikishatokea

Kwanza ondoa kitu chenyewe. Osha kwa maji mengi ya uvuguvugu na shampuu laini, mara mbili au tatu, hata kama zimepita siku mbili. Usisugue. Usipake ndimu, dawa ya meno, spiriti wala majivu. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika kumi kumi juu ya kope na masikio, ndicho kinachotuliza kuliko vyote.

Famasi watakupa krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1. Paka nyembamba mara mbili kwa siku, kwa siku chache, isiingie jichoni. Tafadhali usichukue zile tyubu kali ambazo watu hujichubulia uso. Zina steroidi yenye nguvu isiyofaa kope. Vidonge vya setirizini au klofeniramini hupunguza mwasho na kukusaidia kulala, lakini havizimi aleji ya kuchelewa, kwa hiyo usiongeze dozi ukidhani havifanyi kazi. Klofeniramini huleta usingizi: dereva wa boda asiinywe akiwa kazini.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kama macho yamefumba, kama majimaji yanatoka, kama kuna usaha, homa au tezi za kisogoni zimevimba na kuuma, au kama ni mtoto au mjamzito. Daktari anaweza kuanzisha vidonge vya prednisoloni kwa siku kadhaa, na ukianza vimalize kama ulivyoelekezwa. Hajati alipewa hivyo, na siku ya tatu macho yakafunguka. Weusi nyuma ya masikio ulikaa miezi.

Sasa ile ya papo hapo. Sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, kifua kikipiga mluzi, mtu akitapika au akilegea kama anayezimia, hakuna muda wa krimu. Mlaze chini, miguu juu. Akishindwa kupumua, mwache akae, ila asisimamishwe wala asitembee. Usimpakie boda, tafuta gari. Mpeleke hospitali au kituo cha afya cha karibu chenye daktari, na ukifika mlangoni sema wazi: "Ni aleji kali, hawezi kupumua." Kinachookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na kila dakika ina thamani. Akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi.

Hatua ya saba: jua ni kipi hasa

Ngozi ikishapona, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Mulago kuna kliniki ya ngozi, na Mbarara pia kuna madaktari wa ngozi. Uliza kama wanaweza kukufanyia kipimo cha kubandika: vibandiko vidogo vyenye kemikali mbalimbali huwekwa mgongoni, hutolewa baada ya siku mbili, na mgongo husomwa siku hiyo kisha tena siku mbili au zaidi baadaye. Usilowanishe mgongo siku hizo, na mwambie daktari kama bado unakunywa prednisoloni, kwa kuwa inaficha majibu. Nenda na boksi la kanta lenyewe. Usilitupe kwa hasira.

Ikithibitika ni PPD, kanta nyeusi imekwisha kwako, na kuna vingine vya kuangalia: ganzi ya kupaka aina ya benzokaini, na mara nyingine rangi za nguo nyeusi zinazochuja. Mwambie daktari wa meno. Kwa nywele, hina halisi inabaki, na ukiifuatisha na unga wa nili utapata kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, mradi majani ni safi na umeyajaribu kwa saa 48 kama kawaida. Wigi ni njia nyingine. Na mvi zilizotunzwa, zikakatwa vizuri, zinampendeza mwanamke, hilo nalisema kama msusi.

Kwa wasusi wenzangu

Mteja anaguswa na kanta mara moja kwa wiki sita, sisi mara sita kwa siku. Mwasho kati ya vidole, ngozi inayopasuka kwenye viungo, msiite baridi ya maji. Vaeni glavu za naitrili, si za mpira, mtupe zikitumika mara moja, na mzivae hata wakati wa kuosha, maana hapo ndipo wengi huzivua. Blichi ikorogeni dirishani, na ukianza kupiga chafya au kukohoa kila unapoikoroga, kisha Jumapili nyumbani unapumua vizuri, mwone daktari mapema kabla haijawa pumu ya kudumu. Unga wa kanta ufungiwe mbali na watoto. Ukimezwa, koo huvimba na figo huharibika, na hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja dalili.

Kwenye kaunta yangu sasa kuna daftari la kurasa 96. Kila mteja wa rangi ana mstari wake: tarehe, aina ya kanta, siku ya jaribio, jibu, na safu ya mwisho yenye maneno "safari iliyopita ulijisikiaje?" Siku tatu baada ya kumpaka nampigia simu na kuijaza. Mstari wa kwanza ni wa Hajati. Kwenye safu ya kanta nimeandika "hapana", na chini yake, "hina, Alhamisi".